Makorongo ya Kondoa nayo ni historia, yajengewe nyumba Kolo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaombe viongozi wa wilaya yetu na wananchi wenzangu wa Kondoa tujenge nyumba moja ndogo pale Kolo, ya kutunza habari za makorongo. Najua wapo watakaoshangaa. Kolo inajulikana duniani kwa michoro ya miambani, na korongo ni kitu tulichozoea kukionea aibu, kama kidonda kinachofunikwa mgeni akija. Nami nilikuwa hivyo hivyo hadi Mei 2023, nilipokwenda kuona makorongo ya watu wengine.

Mdogo wangu ni mtawa. Huu ni mwaka wa kumi na tano anahudumia wazee nchini Italia, katika mji mdogo wa vilimani uitwao Bagnoregio, mkoa wa Viterbo, kaskazini ya Roma. Alipotimiza miaka 25 ya nadhiri ndugu tulichanga. Wa kuuza alizeti akauza alizeti, wa kuuza mbuzi akauza mbuzi, nikachaguliwa mimi niuwakilishe ukoo kwenye jubilei yake. Nilikaa huko majuma matatu. Sherehe ilikuwa ya siku moja. Siku zilizobaki nilitembea, maana mimi ni mtu wa miguu, nimezaliwa Kolo na nimefundisha shule za msingi za vijiji vya huku hadi nilipostaafu.

Asubuhi ya pili, baada ya misa, Sista alinishika mkono tukaenda hadi ukingoni mwa mji, mahali penye ukuta mfupi wa kuegemea. Bonde likafunguka mbele yangu. Ndani yake ilikuwepo migongo myembamba ya udongo mweupe, mmoja nyuma ya mwingine, imechongwa na maji na mingine haina hata unyasi. Katikati kilisimama kilima cha mwamba, na juu yake nyumba za mawe zimebanana kuzunguka mnara wa kanisa. Njia ya kufika ni daraja moja refu, jembamba. Watu waliosimama nasi wote walikuwa wanaupiga picha ule mji wa juu. Mimi nilikuwa naangalia chini.

"Sista," nikamwambia, "hii si Kondoa hii?"

"Ndiyo maana nilitaka uanzie hapa, kaka," akanijibu.

Ule mji wa juu unaitwa Civita. Waliouanzisha ni Waetruski, watu waliokaa nchi ile kabla ya Warumi kuwa na nguvu, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Mwamba wenyewe ni tufo, jiwe laini lililotokana na majivu ya volkano, na chini ya tufo upo mfinyanzi ambao zamani sana ulikuwa sakafu ya bahari. Vijito viwili vinapita bondeni. Kimoja kinaitwa Rio Chiaro, yaani kijito cha maji maangavu, na kingine Rio Torbido, kijito cha maji ya tope. Vijito hivyo na mvua vinaula mfinyanzi kwa chini, mwamba wa juu unakosa pa kukanyaga, unameguka na kwenda na nyumba zake. Mwaka 1695 tetemeko la ardhi lilizidisha msiba, wengi wakahamia ng'ambo ya pili, na makao ya askofu nayo yakahama. Nyumba ya utotoni ya Mtakatifu Bonaventura, yule mwanateolojia Mfransisko aliyefariki mwaka 1274, ilikuwa Civita. Imekwisha poromoka bondeni, unaonyeshwa tu mahali ilipokuwa. Wanaoishi juu kule mwaka mzima hawafiki ishirini. Waitaliano wenyewe wanauita mji unaokufa, na ile migongo ya udongo wana jina lake, calanchi, wanaitamka kama sisi tunavyotaja mlima au ziwa.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Ndani ya Civita, katika jumba la zamani, wameweka makumbusho ya jiolojia na maporomoko ya ardhi. Nilidhani nimemsikia Sista vibaya. Makumbusho ya maporomoko? Tukaingia. Kuna ramani, kuna picha, kuna maelezo ya jinsi mfinyanzi unavyokwenda na kazi zinazofanywa kuushikilia mwamba usiondoke wote. Watoto wa shule walikuwa wamekaa sakafuni wakimsikiliza kijana mmoja, naye akawaonyesha kwa viganja vyake viwili, kimoja juu ya kingine, kisha akakivuta kile cha chini. Mimi mwalimu nilielewa somo lote bila kujua neno la Kiitaliano. Nikasimama pale mpaka watoto walipoondoka. Watu hawa msiba wao wameuezekea paa na kuufungulia mlango, na mtoto wa kule anakua akijua kwa nini nyumba ya bibi wa bibi yake haipo.

Daraja lile ni la mwaka 1965, la waenda kwa miguu. Tangu 2013 mgeni analipa kiingilio. Kilianza na euro moja na nusu, na mimi nililipiwa euro tano. Fedha hiyo inabaki manispaa ya Bagnoregio, na Sista aliniambia wakazi wamepata nafuu ya kodi za manispaa kwa sababu yake. Wageni wanafika kwa malaki kila mwaka. Wahenga wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na pale nimeona mwenyeji anavyopona.

Sikupenda yote, na ni haki niseme. Ikifika saa sita mchana Civita imejaa hadi huwezi kugeuka, na ikifika usiku unasikia nyayo zako mwenyewe. Nyumba nyingi sasa ni za kulaza wageni na kuwauzia chakula. Mara mbili kwa mwaka, Juni na Septemba, wanafanya mashindano ya mbio za punda katika uwanja wa kanisa, na Sista anasema siku hizo ndipo wenye asili ya pale wanarudi na mji unakuwa wao tena. Sitamani Kolo ifikie mahali pa kungoja punda ili watu wake warudi.

Siku niliyojifunza zaidi ni ile tuliyoshuka bondeni. Mzee mmoja wa parokiani, mkulima wa mizeituni mwenye umri wa miaka themanini na zaidi, alijitolea kutupitisha. Tulipita katika handaki lililochongwa ndani ya mwamba, wanaliita Bucaione, ukitoka upande wa pili uko kwenye mashamba. Ilikuwa majira yao ya maua, vichaka vya maua ya njano vimeshika kingo za makorongo, na mzee akatuonyesha jinsi mizizi yake inavyobana udongo. Kwenye mwamba kuna vyumba vilivyochimbwa na watu wa kale. Wakulima wanawekea majembe, mitungi ya mafuta na mapipa ya divai, kwa sababu ndani ubaridi haubadiliki kiangazi wala kipupwe. Nikamwambia mzee kwamba Dodoma nasi tuna zabibu, zililetwa na wamisionari Bihawana, na kwamba kwetu mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Alisimama kabisa njiani. Alimwuliza Sista mara tatu kama ametafsiri sawasawa.

Kisha akaniuliza habari za udongo. Nilimweleza kwamba Kondoa nasi tulikuwa na vilima vilivyobaki mifupa, kwamba mvua za Desemba zilishusha mchanga ukafunika mashamba ya bondeni, na mito yetu ikawa mipana ya mchanga mtupu ambayo mwaka mzima unaivuka bila kulowa. Akaomba picha. Nikatoa simu. Nilikuwa na picha nyingi za michoro ya Kolo, maana nilijiandaa kujivuna nayo, nikamwonyesha watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, na twiga, na pofu. Alizisifu sana. Halafu akasema, "Na makorongo?" Sikuwa na picha hata moja. Wala sikujua mahali popote Kondoa ambapo ningeweza kumwelekeza mtu akazione.

Ndugu Mhariri, wasomaji wengi wa leo hawajui yaliyotokea kwetu, kwa hiyo nitayaeleza. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Matuta ya kontua, yanayokingama mteremko ili maji yasikimbie, yakachimbwa vilimani, miti ikapandwa, mkonge na majani ya tembo vikawekwa kwenye midomo ya makorongo. Lakini tuta likichimbwa leo, kesho ng'ombe wanalikanyaga. Mwaka 1979 ikaamuliwa mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika, kilomita za mraba 1,256. Iliondoka yote, ya mwenye mia na ya mwenye mmoja. Sijasikia mahali pengine katika nchi hii ambapo watu waliondolewa mifugo yao ili ardhi ipumzike, wao wenyewe wakabaki wanalima.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nafanya kibarua cha kupima mistari ya matuta kabla sijakwenda chuo cha ualimu, na baba yangu alikuwa na ng'ombe ishirini na watatu. Tuliwaswaga siku mbili hadi kwa shemeji zake nyanda za chini. Wakati wa kurudi baba alibeba kengele ya yule ng'ombe jike aliyekuwa akiongoza kundi. Aliishika ulimi kwa kidole njia nzima isilie. Simlaumu mtu kwa siku ile, na baba mwenyewe hakulaumu. Korongo la nyuma ya nyumba yetu lilikuwa limebakiza hatua kumi na mbili kufika jikoni kwa mama, nilizipima mwenyewe. Baada ya mvua tatu nyasi zikarudi. Baada ya mvua kumi lile korongo lilikuwa na miti ndani yake, na limesimama palepale hadi leo, hatua kumi na mbili.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakaruhusiwa ng'ombe wa kufugwa bandani, wa kukatiwa majani. Baba alipata mmoja wa maziwa. Nikamletea ile kengele nikidhani itamfurahisha. Akasema ng'ombe wa bandani hapotei, kengele ya nini, akaitundika ukutani.

Habari kama hii iko ndani ya kila nyumba ya mzee kuanzia Kolo hadi Haubi. Waliokuwa na miaka ishirini wakati ule sasa wamepita sitini, na waliokuwa wenye mifugo wengi tumekwisha wazika. Wataalamu wa nje wamekuja wakatupima na kutuandika, nasi tunawashukuru, lakini maandishi yao yako kwenye maktaba za mbali. Mtoto wa Kolo akiuliza yale matuta yaliyoota vichaka yalichimbwa na nani, anajibiwa "ya HADO" basi, kama vile HADO alikuwa mtu mwenye jembe.

Hapo ndipo nakumbuka Orvieto. Sista alipata ruhusa ya siku moja, tukapanda basi hadi mji huo mkubwa kidogo, nao uko juu ya mwamba wa tufo. Kanisa kuu lao, lililoanza kujengwa mwaka 1290, sitalielezea, maneno yangu hayatoshi. Chini ya mwamba kuna makaburi ya Waetruski, mahali panapoitwa Crocifisso del Tufo, ya karne ya 6 kabla ya Kristo. Yamejengwa kwa mawe na kupangwa kama mtaa wenye vichochoro, na juu ya milango limechongwa jina la mwenye kaburi. Nilitembea humo nikiwaza mamia ya vijana tuliochimba matuta kwa jembe na sururu, ambao majina yetu hayako hata kwenye ubao.

Na kisima chao je! Mwaka 1527 Roma ilipotekwa na kuporwa na majeshi, Papa Klementi wa Saba alikimbilia Orvieto, akahofu kwamba mji ukizingirwa watu watakufa kwa kiu. Akaagiza kichimbwe kisima. Msanifu Antonio da Sangallo alichimba zaidi ya mita 50 kwenda chini, akazungushia ngazi mbili zinazojiviringa pamoja bila kukutana hata mara moja, kila moja ina vidato 248. Punda alishuka na mitungi mitupu kwa ngazi moja, akapanda na maji kwa ngazi ya pili, hakuna kupigana kumbo njiani. Kazi ilikamilika mwaka 1537, Papa mwenyewe alikwisha fariki. Mtu aliyekulia Kondoa, aliyekwenda na punda mtoni alfajiri na kungoja zamu ya kufukua mchanga, akishuka kisima kile anajua kwamba aliyekibuni aliwahi kumtazama punda akifanya kazi. Nilishuka na kupanda nikiwa na miaka sitini na minne. Sista aliningoja juu.

Nirudi nyumbani. Jambo moja lilinistaajabisha kuliko mengine. Wakati nilipokuwa pale, Civita pamoja na umaarufu wake wote haikuwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO. Kolo yetu imo tangu 2006. Eneo lenyewe ni kilomita za mraba 2,336, lina mapango na vivuli vya miamba zaidi ya 150 vyenye michoro, mingine ya wawindaji wa kale kwa rangi nyekundu, mingine ya wakulima waliofuata kwa rangi nyeupe. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikaa huku mwaka 1951 akiinakili. Barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati inapita Kolo penyewe. Sifa tunayo, barabara tunayo.

Kinachokosekana ni sababu ya mgeni kukaa. Ninayoyaona kwa macho yangu, nikikaa kibarazani, ni gari linaloingia saa nne, linapanda kwenda Mungomi wa Kolo, kwenye miamba yenye michoro, linarudi na kuondoka kabla ya chakula cha mchana. Mgeni hajala ugali wetu wa uwele, hajanunua asali, hajalala. Ametazama michoro ya watu waliokufa zamani na hakuzungumza na sisi tulio hai.

Ninachopendekeza si kikubwa. Iwe nyumba ya vyumba viwili kandokando ya barabara, ya tofali za kuchoma tunazochoma wenyewe. Ndani yake ziwekwe picha za vilima kabla na baada, kama wenye nazo watakubali kutupa nakala. Viwekwe vipimo vya matuta, na sauti za wazee zilizorekodiwa, kwa Kirangi na kwa Kiswahili. Ubao uandikwe majina ya waliochimba, kijiji kwa kijiji. Kisha ikatwe njia ya miguu kutoka hapo, ipite kando ya korongo moja lililo hai na moja lililopona, ipande kwenye matuta ya mkonge, ndipo ifike kwenye miamba. Vijana waliomaliza kidato cha nne na kukaa vijiweni wafundishwe kuongoza, na sehemu ya kiingilio ibaki kijijini, ionekane kwenye mkutano wa kijiji kwa hesabu ya wazi.

Jambo moja lisikiukwe. Mungomi bado ni mahali pa matambiko. Wazee wa pale waulizwe kwanza njia ipite wapi na siku zipi isipitwe, na wakisema hapa hapana, iwe hapana. Nimeona Civita mji unavyoweza kuwa wa wageni kuliko wa wenyewe, na huku hatujachelewa.

Nimekwisha zungumza na wastaafu wenzangu sita. Watatu wana picha za wakati wa kazi, mmoja ana daftari la hesabu za vibarua la mwaka 1976, limeliwa na mchwa pembeni lakini majina yanasomeka. Kwetu ipo kengele ya baba, bado inaning'inia kwa ule ule ukanda wa ngozi. Ukuta wa kuitundikia ukipatikana Kolo, nitaipeleka mwenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Kolo, Kondoa